Vijito vya Milimani na Kazi Inayobaki Baada ya Sherehe

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Mwezi wa Septemba mwaka 2024 Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba samaki mmoja wa vijito vya milimani, aitwaye trauti wa Apache, ameondolewa katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Hakuondolewa kwa sababu ameangamia, kama ilivyowatokea baadhi ya waliokuwamo katika orodha hiyo, bali kwa sababu amerejea. Alikuwa trauti wa kwanza katika nchi ile kuondolewa kwa sababu hiyo. Ni habari ambayo mtu wa Afrika ya Mashariki angeweza kuipita bila kuisoma, akaenda kwenye ukurasa wa michezo. Samaki huyo hatumjui, hatumli, na milima anakoishi iko mbali nasi.

Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kusimamia mradi wa umma, au kuwafundisha watoto maana ya mradi wa umma, habari hiyo ina mafunzo yasiyopatikana kwa urahisi mahali pengine. Kazi ya kumrejesha samaki huyo ilichukua zaidi ya nusu karne. Walioianza wengi wao hawakuiona ikikamilika. Ilipita katika mikono ya maofisa waliostaafu, bajeti zilizopunguzwa, kuta zilizobomoka, na moto ulioteketeza milima. Hata hivyo haikufa. Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini haikufa, maana hapa kwetu miradi ya vyanzo vya maji huzinduliwa kwa ngoma na baada ya miaka mitatu hata kibao chake hakionekani.

Samaki na mahali pake

Trauti wa Apache ni samaki wa rangi ya dhahabu, mwenye madoa meusi mwilini. Machoni ana madoa mawili, moja kila upande wa mboni, yakamfanya aonekane kama aliyevaa kitambaa cheusi usoni. Makao yake ya asili ni vijito vya juu vya mito White, Black na Little Colorado, katika milima iitwayo White Mountains, mashariki ya jimbo la Arizona. Mlima mkuu wa huko, Baldy, una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na kwa Waapache wa eneo hilo ni mlima mtakatifu. Watu wengi hudhani Arizona yote ni jangwa. Sivyo. Juu ya jangwa hilo kuna misitu ya misonobari, theluji ya kipupwe, na maji baridi yanayoteremka kati ya mawe.

Maisha ya samaki huyu yanategemea mambo machache yaliyo wazi. Anataka maji yawe baridi, na ubaridi huletwa na kivuli cha majani na vichaka vya kingo. Anataka changarawe safi, kwa sababu jike huchimba shimo dogo katika changarawe kwa mkia wake, hutaga mayai humo, kisha huyafukia. Maji yapitayo kati ya mawe madogo ndiyo yanayoyapa mayai hewa. Udongo mwingi ukiteremka mtoni, ukajaa katika nafasi hizo, mayai hukosa hewa yakafa yakiwa yamefukiwa, na mtu asimamaye ukingoni haoni chochote. Kwa hiyo mtu akitaka kujua hali ya samaki wa mlimani, hana budi kutazama kwanza barabara, makalavati, malisho na misitu iliyo juu yake.

Hapo zamani samaki huyu alikuwa ameenea katika vijito vyenye urefu wa karibu kilomita 965 kwa jumla. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa amebaki katika kilomita zisizozidi 50 hivi.

Wageni waliokaribishwa

Sababu zake si za kutafuta kwa tochi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 walowezi walikata miti, wakaingiza makundi makubwa ya ng'ombe na kondoo yaliyokanyaga kingo, wakayageuza maji kwenda mashambani. Kisha likatendeka jambo ambalo wakati huo lilihesabiwa kuwa ni maendeleo: vituo vya kuzalisha samaki vilimwaga mitoni trauti wa aina za kigeni ili wavuvi wa ndoano wapate burudani. Walikuja trauti wa kahawia kutoka Ulaya, trauti wa vijito kutoka mashariki ya Amerika, na trauti wa upinde wa mvua kutoka pwani ya Pasifiki.

Kila mmoja aliharibu kwa namna yake. Trauti wa kahawia humla mwenyeji na kumfukuza katika maficho yake. Trauti wa vijito hushindana naye kwa chakula na nafasi. Huyu wa upinde wa mvua ni hatari zaidi kwa sababu hapigani naye hata kidogo. Huzaa naye. Baada ya vizazi kadhaa mto umejaa samaki, mvuvi anafurahi, ofisa anaandika katika ripoti kwamba hali ni nzuri, kumbe mwenyeji amekwisha kumezwa ndani ya damu ya mgeni.

Afrika ya Mashariki ina undugu na kisa hiki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliingiza trauti katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, na baadaye trauti walipelekwa katika mito ya Mlima Kenya, ya Kilimanjaro, na ya Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika. Yule yule trauti wa upinde wa mvua aliyemtaabisha mwenyeji wa Arizona ndiye anayeuzwa katika hoteli zetu za milimani kama fahari ya mahali. Mwalimu wa elimu ya viumbe anayetaka kueleza maana ya mwenyeji na mgeni hahitaji mfano bora kuliko huo. Kama mtoto wa Mwanza atasema hajawahi kuona trauti, basi na aulizwe habari za sangara, aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aulizwe babu yake aliwahi kujua aina ngapi za furu ambazo leo hazionekani.

Nani alianza

Maandishi mengi ya wataalamu huanza hadithi ya trauti wa Apache mwaka 1967, Serikali ya Marekani ilipomtia katika orodha ya viumbe walio hatarini. Huko ni kuanza hadithi katikati. Walioanza ni Waapache wenyewe wa White Mountain, wanaoishi katika eneo la zaidi ya ekari milioni 1.6 walilobakishiwa baada ya nchi yao kumegwa katika karne ya 19. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 baraza la kabila lilianza kufunga vijito ambamo samaki huyo alikuwa amesalia, na mwaka 1955 likapiga marufuku uvuvi katika vijito vinavyochimbuka Mlima Baldy ndani ya ardhi yake.

Na itazamwe tarehe hiyo. Wanasayansi walikuja kumtambua samaki huyo kuwa ni aina ya pekee na kumpa jina la kitaalamu mwaka 1972. Ina maana kwamba watu wasiokuwa na maabara walifunga mito yao miaka 17 kabla chuo kikuu hakijasema samaki huyo ni nani. Walifunga licha ya kwamba uvuvi wa ndoano huleta fedha, nao hawakuwa matajiri. Hili halipunguzi heshima ya sayansi, ambayo kama tutakavyoona ilikuja kuwa ya lazima. Linaonyesha tu kwamba pale wataalamu walipofika walikuta kitu cha kuhifadhi, na walikikuta kwa sababu kilikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1975 samaki huyo aliteremshwa kutoka daraja ya hatari kubwa hadi daraja ya tishio. Hatua hiyo ilitoa nafasi ya uvuvi kuruhusiwa kwa kipimo chini ya kanuni. Wako waliolalamika kwamba kiumbe hahifadhiwi kwa kuvuliwa. Lakini uamuzi ulikuwa wa busara. Katika miaka ya 1980 kituo cha kuzalisha samaki cha Williams Creek, kilichomo ndani ya ardhi ya kabila, kilianza kumkuza trauti wa Apache, na samaki wa kituoni wakapelekwa katika maziwa na mito iliyotengwa kwa wavuvi wenye leseni. Mwananchi akawa na kitu anachokishika mkononi, huku vijito vya chimbuko vikiachwa na samaki wa porini wa nasaba safi.

Utaratibu wa kazi

Hapa ndipo mazungumzo haya yanapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo watumishi wa umma wanapohusika.

Kurejesha kijito hakuanzi kwa kumwaga vifaranga. Kunaanza kwa ukuta. Mahali panapofaa, chini ya sehemu inayokusudiwa, hujengwa kizuizi cha kuwazuia samaki wa kigeni wasipande kutoka chini. Ukuta wenyewe si mrefu. Aghalabu unaweza kuwa na kimo cha mtu mzima au pungufu yake. Siri yake iko chini, mahali maji yanapoangukia, ambapo husakafiwa ili pasiwe na kina. Samaki anayetaka kuruka huhitaji kina cha maji cha kujirushia, na akikikosa hawezi kupata mwendo. Vizuizi vya kwanza vingi vilikuwa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, kwa sababu ni rahisi. Mafuriko yalivipinda, maji yakapenya ubavuni, na trauti wa kahawia wakapanda. Pakawa na vijito vilivyosafishwa kwa gharama kubwa, vikaingiliwa tena, ikabidi kazi ianze upya. Baadaye kuta zikajengwa kwa zege.

Ukuta ukisha kuwa imara, hufuata kuwaondoa wageni. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kutembea ndani ya maji na mtambo wa umeme unaobebwa mgongoni, ambao huwaduwaza samaki kwa muda. Wageni hutolewa, wenyeji hurudishwa. Ni kazi ya miguu na mgongo. Hurudiwa mara nyingi mwaka hadi mwaka, kwa sababu jozi moja ya samaki iliyojificha chini ya jabali inatosha kuujaza mto tena.

Njia ya pili ni sumu iitwayo rotenoni, na msomaji wa Kiswahili asishtuke, maana sumu za jamaa hiyo anazijua. Utupa, mmea ambao wazee wetu waliutwanga na kuutia mtoni ili samaki waelee, una sumu ya jamaa hiyo hiyo. Huwanyima samaki uwezo wa kutumia hewa waliyovuta. Wataalamu hutia kipimo maalumu katika kijito, na mwisho wa eneo hilo hutia pamanganeti ya potasiamu ili kuivunja nguvu sumu isiendelee kuteremka. Sheria za nchi zetu zinakataza uvuvi wa sumu, na zinafanya vizuri, kwa maana mvuvi wa utupa huua mto apate kitoweo cha siku moja. Huku sumu hiyo hiyo hutumiwa mara chache, kwa kibali, na watu waliofunzwa, ili mto ukabidhiwe kwa mwenyewe.

Kisha hungojwa. Huu ndio wakati mgumu kuliko wote kwa mtawala, kwa sababu fedha zimetumika na hakuna cha kuonyesha ila maji matupu. Wakubwa huuliza samaki wako wapi. Anayeujua wajibu wake huwajibu kwamba bado, mpaka ithibitishwe kuwa hakuna hata mgeni mmoja aliyebaki. Siku hizi maji yenyewe huchotwa na kupimwa katika maabara, kwa kuwa samaki huacha chembe za urithi wake majini hata asipoonekana. Matokeo yakiwa safi ndipo wenyeji huletwa kutoka vijito vingine ambavyo nasaba yake imekwisha kuthibitishwa. Na baada ya hapo kingo huzungushiwa uzio pale ambapo ng'ombe na kulungu wakubwa wanazikanyaga, ukuta hukaguliwa, na hesabu ya samaki hufanywa, miaka nenda miaka rudi.

Kosa la Colorado

Jimbo la Colorado, lililo kaskazini zaidi katika milima ya Rocky, lina trauti wake mwenye mgongo wa kijani. Mwaka 1937 alitangazwa kuwa ametoweka. Katika miaka ya 1950 na baadaye yakapatikana makundi yaliyodhaniwa kuwa ni yeye, na kwa miaka mingi Serikali na wasaidizi wake waliyachukua makundi hayo, wakayazalisha na kuyasambaza kwa bidii kubwa. Mafanikio yakatangazwa, samaki akateremshwa daraja mwaka 1978.

Mwaka 2007 wanasayansi walipochunguza vinasaba waliona kwamba mengi ya makundi hayo hayakuwa ya samaki aliyekusudiwa. Mwaka 2012, baada ya kuchunguza samaki waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho tangu karne ya 19, walithibitisha kwamba trauti wa kweli alikuwa amebaki katika kijito kimoja tu, Bear Creek, karibu na mji wa Colorado Springs. Tena kijito hicho si makao yake ya asili, kwa sababu mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyempeleka huko zamani, katika karne hiyo ya 19, ili wageni wake wapate cha kuvua.

Kosa lilitokana na nini? Zamani vituo vya samaki vilichukua mamilioni ya vifaranga vya jamaa zake kutoka upande wa magharibi wa milima, vikavimwaga upande wa mashariki, na kumbukumbu za kazi hiyo ziliwekwa ovyo au hazikuunganishwa. Maofisa waliofuata hawakuwa wavivu wala wezi. Walikuwa watu waadilifu waliofanya kazi ya miongo kadhaa juu ya jalada pungufu. Makarani wa masjala, ambao mara nyingi hudharauliwa katika ofisi zetu, wangekuwa na haki ya kukikata kisa hiki na kukibandika ukutani.

La kusifiwa ni kwamba Colorado haikuficha. Kazi ilianza upya kutokana na samaki mia chache wa Bear Creek. Mwaka 2014 vifaranga vyao vilitiwa katika ziwa Zimmerman, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba katika bonde la Herman Gulch samaki hao wameonekana wakizaliana wenyewe.

Ukuta una deni lake

Kuna jambo ambalo wapenzi wa miradi hii hawapendi kulisema kwa sauti. Ukuta unaomkinga mwenyeji ndio huo huo unaomfunga. Kundi dogo la samaki likifungwa katika kilomita chache za kijito, huanza kuzaana ndugu kwa ndugu, na msiba mmoja unaweza kulimaliza lote, kwa kuwa jirani hawezi kupanda kuja kulijaza tena.

Msiba wenyewe ulikuja. Mwezi wa Mei mwaka 2011 moto wa kambi ulioachwa bila kuzimwa ulizaa moto wa msitu ulioitwa Wallow, ukateketeza zaidi ya ekari 530,000 katika milima hiyo ya Arizona. Moto wenyewe hauui samaki wengi. Mvua zinazofuata ndizo zinazoua, zinapoteremsha majivu na matope katika mto usio na jani la kuyazuia. Mwaka uliofuata, katika jimbo jirani la New Mexico, moto mwingine ulipokuwa ukitishia vijito vya trauti wa Gila, ndugu wa karibu wa huyu wa Apache, wafanyakazi walikwenda kuwaokoa baadhi yao kabla mvua hazijanyesha.

Wako wasemao basi kuta zivunjwe, samaki waachwe huru. Hoja hiyo inapendeza masikioni lakini haina macho, maana siku ukuta unapovunjwa ndiyo siku trauti wa kahawia anapopanda. Njia waliyoichagua ni ya katikati na ni ya gharama: kuwa na vijito vingi badala ya kimoja, kila nasaba iwe na nakala katika mabonde mbalimbali, na pale inapowezekana kusogeza ukuta chini zaidi ili vijito viwili vitatu viungane juu yake. Hatimaye, trauti wa Apache alipoondolewa katika orodha, alikuwa na makundi 30 ya nasaba iliyothibitishwa, katika vijito vyenye urefu wa karibu kilomita 280. Bado ni chini ya theluthi moja ya makao yake ya zamani, na joto la dunia linaendelea kuyapandisha makao hayo juu mlimani, ambako nafasi huzidi kuwa finyu.

Mapatano na wenyewe

Mwaka 1994 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani na kabila la Waapache wa White Mountain walitia sahihi mapatano ya uhusiano. Kwa upande wa kabila alisaini Mwenyekiti wake, Ronnie Lupe. Mapatano hayo yalitamka kwamba ardhi ya kabila si ardhi ya umma ya Serikali Kuu, na kwamba kabila ndilo lenye mamlaka ya kusimamia maliasili zake, huku wataalamu wa Idara wakishirikiana nalo. Kabla ya hapo uhusiano ulikuwa umejaa shaka, kwa kuwa kila mtaalamu aliyeingia kuhesabu samaki alidhaniwa kuwa amekuja kutafuta sababu ya kuwapokonya watu malisho au miti. Baada ya mapatano, kabila lilifungua milango kwa uchunguzi na kazi ya pamoja. Mwaka 1997 mfano huo ukaingia katika amri ya Waziri wa Mambo ya Ndani kuhusu makabila yote ya nchi hiyo.

Kulinganisha si vibaya. Katika California, mradi wa kumrejesha trauti wa Paiute katika kijito cha Silver King, chenye urefu wa kilomita 18 hivi tu, ulikwama kwa miaka takriban 10 kwa kesi za watu waliopinga sumu. Sumu ilitiwa mwaka 2013, na samaki walirudi mwaka 2019. Wapingaji hawakuwa wajinga. Waliogopa wadudu wa majini na maji yenyewe, na hofu kama hizo husikilizwa mapema au husikilizwa mahakamani.

Kwetu

Tanzania haina trauti wa asili, lakini ina vijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kila mtendaji wa kijiji ameisikia. Ni vijiji vingapi vyenye daftari linaloonyesha ukingo huo ulikuwa na hali gani miaka mitano iliyopita, nani alihesabu miti iliyopandwa na ni mingapi imekufa, na mikaratusi iliyopandwa chemchemini kwa nia njema iling'olewa lini?

Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwaka 1993. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Ihefu ili mto upone, na baada ya hapo mto uliendelea kukauka katika viangazi vilivyofuata. Mashamba ya umwagiliaji yalikuwa bado yanachepusha maji, na wale waliokuwa wakikaa kando ya maji hawakuwa wameulizwa wangeweza kulinda nini. Haisemwi hapa kwamba Serikali isitumie nguvu ya sheria. Hata Waapache walifunga mito yao kwa amri. Lakini amri ilitoka katika baraza lao, na mlinzi wa mto alikuwa mtoto wa kijiji.

Jumuiya za watumia maji zilizoundwa chini ya bodi za mabonde ndizo zilizo karibu zaidi na baraza kama hilo. Nyingine zinafanya kazi, nyingine zimebaki muhuri na kabati. Halmashauri inayotaka kuzisaidia haihitaji kungoja mfadhili. Inaweza kuanza kwa kuandika katika bajeti kifungu kidogo cha matengenezo, chenye jina lake, kisichohamishwa kwenda kwenye posho ya mkutano wa uzinduzi. Na shule iliyo karibu na kijito inaweza kupima kina cha maji kila juma kwa ubao uliochorwa alama, na kuandika. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa na thamani ambayo mshauri wa kulipwa hawezi kuileta kwa safari ya siku nne.

Huko Arizona, kuondolewa katika orodha hakukuwapeleka watu likizoni. Sheria ya Marekani inataka kiumbe aliyeondolewa katika orodha aangaliwe kwa muda usiopungua miaka 5. Kabila, jimbo na Serikali Kuu walikwisha kuandikiana mpango wa usimamizi wa pamoja mwaka 2021, kabla tangazo halijatolewa, na sehemu kubwa ya mpango huo inahusu kuta: nani ataikagua ipi, na nani ataitengeneza ikipasuka. Kila theluji inapoyeyuka, magogo na mawe hukusanyika juu ya vizuizi hivyo, na hapana budi mtu apande mlimani kuyaondoa.